Msichana akipandisha, simu ziwekwe chini

Filamu ya The Pope's Exorcist ilitoka Aprili 2023, na hapa Ujiji ilifika kama zinavyofika nyingine zote: kwenye flashi, kutoka duka la kurekodi filamu kule Mwanga, sauti ya mtafsiri wa Kiswahili ikiwa imewekwa juu ya ile ya Russell Crowe, anayeigiza padre wa kupunga pepo. Tuliitazama nyumbani kwangu baada ya Isha, watoto tukiwa tumeshawapeleka kulala. Ilipokwisha hapakuwa na wawili waliokubaliana.

Mkwe wangu, Mkatoliki wa Kasulu, alikuwa na hasira. Filamu inasema mateso ya Baraza la Uchunguzi kule Hispania yalianzishwa na mtawa aliyeingiwa na shetani, kisha Vatikani ikaificha siri hiyo. "Mama," aliniambia, "yale waliyafanya watu wenye akili zao timamu. Kumsingizia shetani ni kuwaondolea hatia." Jirani yangu mlokole alilalamika kuwa padre anahangaika na vitabu na medali filamu nzima wakati jina la Yesu lingetosha tangu mwanzo. Kaka yangu, ustadhi anayesomea wagonjwa, hakupenda ile kazi ya kumbana shetani ataje jina lake. "Jini ni mwongo, dada. Ukimuuliza jina umeshampa baraza." Hapo mama mkubwa, ambaye alipungwa pepo ujanani kwa ngoma na chetezo, akamkatalia: bila jina utajuaje anataka nini? Yeye lililomuudhi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemuuliza shetani anataka nini. Wamekazana kumfukuza tu.

Hata huko nje waligawanyika. Jumuiya ya Kimataifa ya Wapunga Pepo iliilaumu filamu kabla haijaanza kuonyeshwa, kwa kuona kionjo chake tu. Na mmoja wa waasisi wa jumuiya hiyo ni Padre Gabriele Amorth mwenyewe, huyo huyo anayeigizwa na Crowe, aliyefariki mwaka 2016. Watazamaji hawakujali. Filamu iliyogharimu kama dola milioni 18 iliingiza zaidi ya milioni 70.

Mabishano ya sebuleni kwangu yalizunguka swali moja: vitu hivi ni vya kweli au si vya kweli? Mimi nilikuwa nawaza kamera. Katika filamu mvulana mdogo amefungwa kitandani, ngozi imepasuka, mdomoni inatoka sauti ya mtu mzima, na kamera inamsogelea mpaka tunaona mishipa ya macho. Yule ni mtoto wa kuigiza. Wazazi wake walikubali, alilipwa, vidonda ni rangi, na jioni alinawa uso akaenda kula. Sina ugomvi naye wala na waliomrekodi.

Nina ugomvi na filamu tunazozitengeneza sisi wenyewe kwa simu, hapa Kigoma, kila msichana anapoanguka.

Utumishi wangu mwingi nilikuwa mwalimu wa malezi katika mabweni ya wasichana, na nimewashika wengi waliopandisha pepo. Anayepandisha hupiga kichwa sakafuni, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kichwa: unakaa chini, unakipakata mapajani. Ya pili ni khanga. Unamzungushia kuanzia kiunoni hadi chini ya magoti, na ncha unaisokomeza ndani kwa nguvu kwa sababu atarusha miguu. Yeyote atakayekuja, awe wa kumwombea, wa kumsomea au wa kumchoma sindano, atamkuta amesitiriwa. Walokole wanalijua hilo. Kwenye mikutano yao ya uwanjani kuna akina mama wanaosimama pembeni na vitenge mkononi, wakisubiri atakayeanguka. Wazee wetu wa kupunga nao walilijua. Mama mkubwa anasema alipokuwa akipandisha, wanaume wasiohusika waliondolewa uani, na aliyoyasema akiwa katika hali ile hakuna aliyemrudishia kesho yake kisimani.

Sasa kitenge kinamfunika miguu, na simu zinamfunua uso.

Miaka michache iliyopita msichana wa kidato cha tatu ninayemfahamu alianguka kwenye mkutano wa maombezi. Mtu akamrekodi. Katika klipu ile, ambayo sikumaliza kuitazama, sauti nzito inatoka kinywani mwake na kumtaja bibi yake mzaa baba kuwa ndiye aliyemtuma. Klipu ikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, ikavuka na wafanyabiashara wa boti za Kibirizi hadi ng'ambo Congo, ikarudi na maneno mapya yaliyoandikwa juu yake. Shuleni wenzake wakawa wanaigiza ile sauti akipita, na hata bodaboda wa njiani wakamwita kwa jina la pepo. Akaacha shule. Na kule kijijini, ufukweni kusini mwa mji, vijana wakaanza kuizunguka nyumba ya bibi. Wanawe wakamhamisha usiku kwa mtumbwi.

Asiye wa huku hawezi kujua uzito wa bibi kizee kutajwa hadharani. Huku kuna kamchape, watu wanaopita vijijini wakidai kufichua wachawi. Si jambo la jana. Mwanaanthropolojia Roy Willis aliandika habari za kamchape wa Ufipa mwaka 1968, akieleza aliyoyaona huko katika miaka hiyo ya 1960. Mkoani kwetu kazi yao imeshaacha watu wameumizwa na nyumba zimeharibiwa. Padre wa kwenye filamu anatafuta jina la shetani. Kamchape anatafuta jina la jirani, na klipu ya simu inampelekea jina hilo likiwa na ushahidi wa video.

Msichana yule hospitali walimpa dawa, kanisani waliendelea kumwombea, na leo ni mzima. Kipi kilimponya, waamue wenye elimu yao. Mimi ninachojua ni kwamba ugonjwa uliisha na klipu ipo.

Kisa kilichozaa filamu hizi zote za kupunga pepo kilikuwa na busara ambayo sisi tumeikosa. Mwaka 1949 kule Marekani kijana wa kiume wa miaka kama 14 alifanyiwa ibada ya kupungwa pepo na mapadre Wakatoliki. William Peter Blatty aliposikia habari hiyo aliitumia kuandika riwaya yake ya The Exorcist, iliyotoka 1971, na kwenye riwaya akamfanya mgonjwa kuwa msichana. Jina la kijana halikutajwa. Alikua, akasoma, akawa mhandisi na kufanya kazi NASA, shirika la anga la Marekani, kisha akastaafu. Alifariki mwaka 2020, na jina lake likatangazwa mwaka uliofuata. Miaka zaidi ya 70! Filamu ya 1973 iliyotokana na riwaya hiyo ilitisha dunia nzima, na mwenye kisa aliweza kupanga foleni ya mkate bila mtu kumgeukia.

Kanisa Katoliki limeliandika jambo hili la kumsitiri mgonjwa kwenye kanuni zake. Taratibu za ibada ya kupunga pepo za tangu 1614 zilifanyiwa marekebisho mwaka 1999, na ndani yake imo amri kwamba ibada hiyo isigeuzwe maonyesho kwa waliopo, na vyombo vya habari visiruhusiwe wakati inafanyika. Mkwe wangu alifurahi nilipomkumbusha. Lakini Padre Amorth naye mwaka 2016 alimruhusu William Friedkin, mwongozaji wa ile filamu ya 1973, amrekodi akimwombea mwanamke mmoja wa Italia, naye akaionyesha kama filamu mwaka uliofuata. Friedkin aliingia peke yake na kamera ndogo, bila taa. Kwangu hilo halibadilishi kitu. Namheshimu padre kwa miaka aliyokaa na watu walioteseka, ila hapo naona alikosea. Mtu mzima anaweza kukubali, lakini kukubali kwa mtu anayetafuta kupona hakupimwi kama kukubali kwa mwigizaji.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha mkoani Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kuacha, na kicheko kikaenea hadi kwa 95 kati ya 159. Shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari walikuja, wakapima, wakaandika. Dunia bado inawazungumzia wasichana wale, lakini kwa hesabu tu, si kwa majina. Leo wangekuwa na klipu 95.

Najua watakachonijibu wachungaji, kwa sababu jirani yangu ameshanijibu. Anasema klipu ni ushuhuda: watu wakiona nguvu ya Mungu, wataokoka. Namwelewa, na imani yake naiheshimu. Lakini ushuhuda hutolewa na mwenyewe, akiwa amesimama kwa miguu yake, akisema kwa sauti yake yaliyomkuta na alivyopona. Msichana aliyelala kwenye vumbi hajui hata amesema nini. Na ustadhi anayeweka visomo vyake mtandaoni ili apate wateja, naye namwambia hayo hayo. Kaka yangu ananiunga mkono hapa hata kama hatukuelewana juu ya filamu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto na za afya katika kundi la taarifa nyeti. Sijamsikia mtu hapa Ujiji akiitwa popote kwa ajili ya klipu ya aliyepandisha. Sitaki vijana wajazwe mahabusu. Ninachotaka kinaweza kuanza Jumapili hii bila polisi: wale akina mama wenye vitenge wapewe na kazi ya pili, ya kusimama mbele ya simu. Mchungaji atangaze kabla ya maombi kwamba simu zinazimwa. Mwalimu mkuu akisikia msichana ameanguka bwenini, atume watu wawili, mmoja wa kushika kichwa na mwingine wa kufunga mlango. Na sisi wengine, klipu ikitufikia, tuifute bila kuituma kwa dada zetu tukiuliza kama wameiona.