Jasho la Mpiga Ngoma

Wapo wanaoshikilia kwamba muziki unaotengenezwa kwa kompyuta si muziki, eti hauna jasho la mtu. Nikiwatajia "Timeless", albamu ya Goldie iliyotoka Uingereza mwaka 1995, hunijibu kwamba hizo ni kelele za mashine. Haya, na tuisikilize hiyo mashine.

Wimbo wa kwanza una dakika 21. Ngoma zinakwenda mbio, na juu yake sauti ya Diane Charlemagne inapita taratibu, ikiimba maisha ya mjini na uzito wake. Goldie mwenyewe alikulia katika makao ya watoto. Anayesema humo hamna roho ya mtu hajasikiliza.

Lakini ninao ugomvi mkubwa kuliko huo. Jasho wanalolitafuta lipo, nalo lina mwenyewe. Mwaka 1969 kundi la Marekani liitwalo The Winstons lilirekodi "Amen, Brother". Katikati ya wimbo wenzake walinyamaza, Gregory Coleman akapiga ngoma peke yake kwa sekunde zisizozidi saba. Baadaye watengenezaji muziki walizinasa sekunde hizo, wakazikatakata, wakazikimbiza, wakazipanga upya katika maelfu ya nyimbo. Mtindo wa jungle, uliozaa drum and bass, ulisimama juu ya pigo hilo.

Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa fukara asiye na makao, bila kuonja mrabaha wa pigo lake. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, naye hakulipwa. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walimchangia pauni 24,000. Walifanya vyema, ila mchango si malipo. Mtu aliyefanya kazi hapewi sadaka. Hupewa ujira wake.

Nitaambiwa kwamba vijana wale hawakuwa na fedha, na kwamba bila kuazima muziki huu usingezaliwa. Nakubali. Lakini nyimbo zilipoanza kuuzwa, zikaingia hata katika matangazo ya biashara, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni nia.

Basi tuiache mashine, haikumdhulumu mtu. Anayeuliza jasho liko wapi aulize pia liliingia mfukoni mwa nani. Na sheria ya hakimiliki imtazame mpiga ngoma kama inavyomtazama mtunzi na mwenye kanda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.