Dagaa wasifichwe mgeni akija

Katika nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama, dagaa ni kitoweo cha siku ambayo mfuko umetoboka. Akija mgeni, dagaa wanafichwa, kuku anachinjwa.

Wajapani nao wana samaki wadogo wa kukausha, lakini kwao ndio msingi wa mapishi. Huwaita niboshi, maana yake waliochemshwa wakakaushwa. Mpishi huwatoa vichwa na utumbo ili supu isiwe chungu, huwaloweka, kisha huwachemsha kwa moto mdogo. Supu hiyo, dashi, hutiwa mboga na miso, yaani soya iliyochachushwa. Mwaka 2013 UNESCO iliutambua upishi huo wa jadi kuwa urithi wa utamaduni.

Dagaa wa Ziwa Victoria hukaushwa wabichi, mara nyingi juu ya mchanga, hivyo waoshwe vizuri kwanza. Wakishatoa supu wasitupwe. Waungwe kwa nyanya na vitunguu, kwa kuwa mtoto anayekula dagaa na miba yake hupata madini ya kujenga mifupa. Na mgeni akija, supu hiyo itangulie mezani, ugali wa mtama ufuate.