Acheni Kutoboa Rimu!

Wiki iliyopita, pale Rongo barabara inapochepuka kwenda Homa Bay, nilimkuta fundi akipanua matundu ya rimu kwa tupa. Rimu ilitoka kwenye BMW. Pikapu iliyokuwa ikiisubiri juu ya jeki ni Hilux ya miaka ya themanini, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, imejaa magunia ya omena kutoka Sori. Mwenyewe ameshaambiwa: hapa matano, pale matano, itaingia tu.

Itaingia, naam. Na siku moja itatoka, barabarani, mbele ya watoto wanaotoka shule.

Huo ni uuaji, na nauita kwa jina lake. Matundu ya Hilux hiyo yamepangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, ya BMW ni 120. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini tundu likishapanuliwa, nati haina tena mahali pa kukaa. Inashika ukingo mmoja, inalegea kila gurudumu linapotumbukia shimoni, mpaka boliti zikatike. Tena rimu yenyewe iliundiwa gari dogo la abiria, si shehena ya samaki!

Wenye matundu sita nao wasijione salama. Toyota na Nissan nyingi za zamani zina duara moja, 139.7, ndiyo maana rimu zake huazimwa huku na huku. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 106, na habu ya pikapu nyingi za Nissan ni 100. Rimu haiikalii habu. Kinachobaki kuiweka katikati ni nati tu.

Mimi mwenyewe nina Land Rover Series. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba Land Rover zote ni ndugu, akanipa rimu za Discovery ya pili. Duara lake ni 120. Langu ni 165.1! Pesa zangu hazijarudi hadi leo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba rimu sahihi zipo. Zunguka Ndhiwa, zunguka Nyatike: Peugeot 504 pikapu, zilizokuwa zikiunganishwa hapa hapa Kenya hadi 2004, zimelala chini ya miti, kuku wanatagia ndani. Wenyewe wanazikata na kuziuza kwa kilo kama vyuma chakavu, ilhali jirani anaendesha Pijo yenye rimu za kuchomelea. Mzee wangu, kabla hujaita mwenye mizani, toa rimu zile. Uza moja moja kwa anayezihitaji.

Nanyi wakaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, magari ya biashara hupita mikononi mwenu kila mwaka. Msiishie kwenye taa na breki. Tazameni matundu ya rimu. Yakiwa yamepanuliwa, gari lisitoke.

Wewe mwenye pikapu, nenda dukani na futi yako. Kwa matundu sita, pima katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Kwa matano, pima hadi la jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Pima na habu. Kisicholingana, kiache dukani.