Majina yao yako wapi?



Sisi wanafunzi wa darasa la tano tulikwenda na mwalimu wetu wa historia kutembelea nyumba ndogo ya vitu vya kale, huko katika inchi ya dhahabu ya Kilo. Ni vyumba viwili tu. Mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini njo anafungua na kufunga.

Tuliona mengi: taa, sululu, karai za kuoshea mchanga, mizani ndogo ya kupimia dhahabu, na picha za Wazungu wamesimama mbele ya mashini. Tulisoma ya kwamba dhahabu ilivumbuliwa kule mwaka 1903 na Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, na ya kwamba kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926. Ni vizuri kujua. Lakini picha moja ilikuwa ya watu weusi karibu makumi tatu, wameshika majembe na karai. Chini yake imeandikwa tu: Wafanyakazi.

Mmoja wetu akauliza, "Baba mzee, hawa ni nani?" Mzee akaangalia sana, kisha akaweka kidole juu ya mmoja. "Huyu ni babu yangu, baba ya mama." Wengine hakuwajua.

Tuliporudi, mwalimu alitueleza habari ya migodi ya Moto, upande wa Uele. Vitabu vya hesabu vya kule vilionyesha ya kwamba katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 1920 wafanyakazi walipigwa fimbo 26.579. Ni kama fimbo nane kwa kila mfanyakazi. Fikirini, wandugu! Kumbe kulikuwa mtu wa kuhesabu fimbo, sawa vile kulikuwa mtu wa kupima dhahabu. Na majina ya waliopigwa, nani anayajua leo?

Wengine kati yetu wanasema, "Hayo yamepita, yanaleta haya tu." Sisi hatukubali. Haya ni ya mwenye kupiga, si ya mwenye kupigwa. Wengine wanasema hakuna feza ya kutengeneza nyumba ile. Ni kweli, mabati yanavuja. Lakini kuandika jina kunataka kalamu na karatasi tu.

Wenye kujua sura zile wanapungua kila mwaka. Basi, likizo hii kila mwanafunzi mwenye babu ao bibi aliyekaa kambi ya mgodi amuulize: Jina lako nani? Ulitoka kijiji gani? Ulifanya kazi gani, na nani alikuwa pamoja nawe? Tusisahau mama zetu, maana wachimbaji walikula chakula cha nani? Tuandike yote, tumpelekee mzee.

Mbele hatujaondoka, mzee alituomba kalamu. Sasa chini ya picha ile kuna jina moja. Mengine yanangoja sisi.