Kutafuta ujana kwa kisu na kwa kopo: makanisa yetu yaseme nini?

Miaka hii, upasuaji wa urembo umeacha kuwa habari ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 2023, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, huko Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma hiyo, na watu wakazungumza sana juu ya kupunguza tumbo na matiti na kuongeza makalio. Mwezi wa kumi 2024, huko Nairobi, mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo katika kliniki ya binafsi, na Baraza la Madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Habari hizi zinafika siku hiyo hiyo katika simu za watu wetu wa Bukavu, Kamanyola, Luvungi na Uvira.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wenye pesa, sisi wa Bonde la Ruzizi yanatuhusu nini? Ni kweli, mama anayelima mpunga au muhogo Luvungi hana dola za kumlipa daktari wa urembo. Lakini hamu inayompeleka tajiri wa Nairobi kwenye kisu imefika kwetu kwa njia nyingine, ya bei ndogo: kopo la mafuta ya kuchubua ngozi, vidonge vya kunenepesha, na rangi ya kuficha mvi. Kisu kiko mbali. Kopo liko sokoni, pembeni ya sabuni na chumvi. Ndiyo maana tunaona ni lazima makanisa ya mashariki yalizungumze jambo hili, tena kwa utulivu.

Kwanza tuelewe kilicho ndani ya kopo. Mafuta mengi ya kuchubua hufanya kazi kwa moja ya vitu vitatu. Cha kwanza ni hidrokinoni, ambayo inazuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Ikitumiwa muda mrefu, inaweza kuleta mabaka meusi yanayokaribia rangi ya buluu kwenye mashavu na kuzunguka macho, na mabaka hayo ni magumu sana kuondoa. Mtu aliyetafuta weupe anaishia na weusi usio wake. Afrika Kusini iliikataza katika vipodozi tangu 1990.

Cha pili ni dawa kali za jamii ya kotizoni, kama klobetasoli. Hizi ni dawa za kweli, ambazo daktari anaweza kumpa mgonjwa wa ngozi kwa siku chache na sehemu ndogo ya mwili. Zikipakwa mwili mzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, inashika maambukizo kwa urahisi, na kidonda kinachelewa kupona. Mama wa namna hii akihitaji kupasuliwa ili ajifungue, ngozi yake inaweza kuwa dhaifu pale inaposhonwa. Dawa ikiingia sana mwilini, inaweza pia kupandisha sukari na shinikizo la damu.

Cha tatu ni zebaki. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wa Kamituga wanaitumia kukamata dhahabu. Inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kumfikishia mtoto. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba wengi kati ya wanawake waliolazwa kwa ugonjwa wa figo walikuwa wanatumia krimu zenye zebaki. Imepita zaidi ya miaka 50. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kazi 2017, ulipanga vipodozi vyenye zebaki viondolewe sokoni, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kukaza sheria hiyo zaidi. Bado makopo yanatembea.

Jua la bondeni linaongeza hatari. Rangi ya ngozi yetu si kosa la Muumba, ni mwavuli. Mtu wa Bukavu anaweza kujificha chini ya mawingu ya milima, lakini anayelima Luvungi saa sita mchana hana kivuli. Ngozi iliyochubuliwa inaungua, na mtu akiona imeungua anaongeza mafuta.

Kuna pia vidonge. Katika miji mingi ya Kongo, wanawake, hata wasichana, wanameza deksametazoni na dawa za mzio zinazoleta hamu ya kula, ili wapate mwili mnene na nyonga. Deksametazoni ikitumiwa hivyo kwa muda mrefu, mwili unasahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na mtu akiiacha ghafla anaweza kuzimia na hata kufa. Kwa sababu hiyo tunaomba wahubiri wawe waangalifu. Usisimame mimbarani na kusema, “Leo tupeni vyote!” Mwambie mtu aende kwenye kituo cha afya, amwonyeshe muuguzi kopo au kidonge chenyewe, na aache chini ya uangalizi.

Sasa tuulize: kwa nini watu wanafanya hivi? Jibu la haraka ni kiburi na kuiga dunia. Sisi tunaona jibu hilo halitoshi. Tukiwasikiliza wamama wa makanisa yetu, tunasikia sababu zilizo na uzito. Mmoja anaogopa kwamba mume, anayefanya kazi mjini, atapata mwingine mdogo zaidi. Mwingine ni mjane, na anajua kwamba mjane mwenye mvi hapewi nafasi katika ukoo wala katika biashara. Wengine wanauza hotelini au dukani, ambako tajiri anachagua sura kabla ya kuuliza mtu anajua nini. Na tangu vita vya 2025 vivuruge barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira, familia nyingi zimepoteza mashamba, mifugo na mitaji. Mtu aliyebaki bila kitu anaweza kuona kwamba sura yake ndiyo mtaji wa mwisho. Kumcheka mtu wa namna hii ni dhambi.

Na wanaume wasijitoe. Mzee anayepaka mvi rangi nyeusi kabla ya kwenda kuomba kazi yuko katika woga ule ule. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali inayoweza kuvimbisha uso na kuwasha vibaya kwa wale ambao mwili wao hauikubali. Lakini mara nyingi mwanaume ndiye anayeweka shinikizo. Anaoa mwanamke mweusi, kisha kila siku anasifu weupe wa wengine mbele yake. Mke akichubuka, yeye huyo analalamika kwamba pesa za chakula zimeliwa na mafuta. Mahubiri yanayomkemea mke bila kumgusa mume yamesema nusu ya ukweli.

Kanisa nalo lijiangalie. Nani tunawaweka mlangoni kupokea wageni? Nani wanasimama mstari wa mbele wa kwaya siku ya sikukuu, hasa kama kuna kamera? Katika matangazo ya mikutano, picha ya mhubiri husafishwa kwa programu ya simu mpaka mtu wa miaka 60 anaonekana wa 35. Kisha mhubiri huyo anafundisha juu ya kuridhika. Vijana wanaona. Wanajifunza kutokana na picha kuliko kutokana na mahubiri.

Tukifungua Biblia, tukubali kwamba imetumiwa vibaya katika jambo hili. Mara ngapi tumesikia Yezebeli akitajwa ili kumwaibisha dada aliyepaka rangi machoni? Soma habari yake yote. Mstari mmoja katika 2 Wafalme 9 unataja kujipamba kwake, lakini hukumu yake ilitangazwa kabla, katika 1 Wafalme 21, kwa sababu ya damu ya Nabothi na shamba la mizabibu lililonyang'anywa. Sisi watu wa bonde, tunaojua ugomvi wa mashamba, tungepaswa kuwa wa kwanza kuona kosa lilikuwa wapi. Kitabu cha Esta, sura ya pili, kinaeleza miezi kumi na miwili ya mafuta na manukato, bila kumlaumu binti yule. Lakini pia kinatuonyesha nani alilazimisha: nyumba ya mfalme iliyokusanya wasichana ili mtu mmoja achague. Kujipamba peke yake si dhambi. Swali ni nani anayedai, na kwa gharama gani.

Upande wa pili, Maandiko yana neno zuri juu ya uzee, ambalo hatulihubiri sana. Mithali 16 inazihesabu mvi kuwa heshima. Walawi 19 inaamuru watu wasimame mbele ya mwenye mvi, na inaunganisha jambo hilo na kumcha Mungu. Katika 1 Wafalme 12, Rehoboamu aliyakataa mashauri ya wazee akafuata ya vijana wenzake, na ufalme ukagawanyika. Wahenga wetu walisema pia: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Jamii inayomfanya mzee aone aibu ya uso wake inatupa kumbukumbu zake yenyewe. Katika nchi yetu, ambako wengi hawakupewa nafasi ya kuzeeka, mvi ni ushuhuda kwamba Mungu amemvusha mtu.

Je, basi kila upasuaji wa sura na mwili ni kosa? Hapana, na watu wa Kivu wanaweza kuijibu dunia vizuri katika hili. Juu ya milima, karibu na Luvungi, iko hospitali ya Lemera, kazi ya kanisa la Kiprotestanti. Mwezi wa kumi 1996 ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akifanya kazi pale, alianzisha baadaye hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999, chini ya CEPAC. Pale makumi ya maelfu ya wanawake walioumizwa na vita na kwa kujifungua vibaya wametengenezwa upya miili yao, na mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Anayeshonwa fistula, mtoto anayerekebishwa mdomo uliopasuka, aliyeungua moto na kufunguliwa vidole vilivyogandamana: hawa wote wanarudishiwa maisha kati ya watu. Upasuaji wa namna hiyo tunauita rehema.

Kwa hiyo tunapendekeza waamini wajiulize maswali manne mbele ya kisu, sindano, kidonge au kopo. Je, kinaponya jeraha, au kinaficha tu miaka niliyopewa? Je, anayenipa ana elimu na ruhusa ya kazi hiyo, na anaweza kujibu nikidhurika? Je, pesa hii imetoka kwenye chakula au masomo ya watoto? Na nikiacha, ni nani atakayenikataa, na kwa nini nampa mtu huyo nguvu hiyo juu yangu?

Tukumbuke pia kazi ya serikali. Rwanda, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ilianza mwishoni mwa 2018 msako mkali dhidi ya mafuta yenye zebaki na hidrokinoni, na polisi wakayatoa madukani. Lakini kizuizi cha upande mmoja wa mpaka hakitoshi: bidhaa iliyokataliwa huku inatafuta soko kule. Kamanyola na Luvungi ziko mahali ambapo nchi tatu zinakaribiana. Udhibiti wa bidhaa zinazoingia Kongo ni wajibu wa OCC, na ni haki ya raia kudai kazi hiyo ifanyike, hata wakati wa vita. Kunyamaza kwetu kunamfaidisha mwenye mzigo tu.

Makanisa yafanye nini wiki hii? Yako mambo yasiyohitaji bajeti. Alikeni muuguzi aongee nusu saa baada ya ibada, wamama na wababa pamoja. Fundisheni watu kusoma kopo: kalomeli, au neno lolote lenye “mercure” au “mercury”, ni zebaki. Shirika la Afya Duniani (OMS) linatuambia pia kwamba onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au alumini ni dalili ya zebaki. Kopo lisiloandika kilichomo ndani yake lisinunuliwe.

Jambo la mwisho ni juu ya adhabu. Yako makanisa yanayowatoa kwenye kwaya au kwenye Meza ya Bwana wamama waliojichubua. Tunawasihi ndugu wachungaji wafikiri tena. Dada mwenye mabaka usoni tayari anajifunika kitambaa ili asitazamwe. Ukimfukuza, unamrudisha kwa muuzaji, ambaye atampokea kwa tabasamu na kopo jipya. Abaki kwenye kwaya, na akiwa tayari, yeye ndiye atakayewafundisha wasichana kwa maneno ambayo sisi hatuna.

Na Jumapili ijayo, wapendwa, bibi mwenye mvi akiingia kanisani, msimkonyeze shemasi ampeleke nyuma. Simameni, mmpe kiti cha mbele. Wasichana watakaoona hayo watakuwa wamepata mahubiri.