Anga la Kubandika: Mastaa wa Picha za Ndege, Mnamdanganya Nani?

Kuna mpiga picha mmoja mjini, jina kapuni, ana wafuasi kibao na kila wiki lazima atupie picha ya ndege. Heroe wa Ziwa Natron: machweo. Tai wa Serengeti: machweo. Mdiria wa Bagamoyo? Machweo tena! Yaani kwenye dunia yake jua halijawahi kufika utosini. Laiki zinamiminika, watu wanaandika "moto sana kaka", na hakuna anayeuliza imekuwaje wingu lile lile lionekane Arusha, Mara na Pwani.

Jibu ni jepesi. Tangu mwishoni mwa 2020, Photoshop ina kitufe cha kubadilisha anga, na inakuja na anga zake tayari. Unachagua, unabofya, kazi imeisha. Ndiyo maana mawingu ya mastaa yanafanana kama sare za shule.

Ieleweke jambo moja: kurekebisha anga lililoungua si dhambi. Kila anayepiga ndege anaijua kadhia hii. Ndege yuko juu, na anga nyuma yake linang'aa kuliko yeye. Kamera ikifuata mwanga wa anga, ndege anatoka mweusi kama mkaa. Ukiongeza mwanga ili manyoya yaonekane, anga linaungua na kubaki jeupe kama karatasi. Inamkuta hata fundi.

Na dawa ipo, tena halali. Piga RAW, achana na JPEG. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Washa lile onyo la kamera linalomwekamweka pale palipoungua, kisha punguza mwanga hapo hapo kabla ndege hajaruka. Ukifika nyumbani, fungua Lightroom, chagua anga peke yake, shusha mwanga mkali taratibu, halafu wapandishie ndege vivuli kidogo. Samawati inarudi, na inarudi kwa sababu ilikuwemo kwenye faili tangu mwanzo.

Lakini anga likiungua kabisa, hakuna cha kurudisha. Ukilishusha linageuka kijivu cha saruji mbichi. Hapo mtu mwenye heshima zake ana njia mbili: aliache jeupe, au arudi kesho alfajiri. Mastaa hawa wamejipatia ya tatu. Wanabandika.

Na ubandikaji unajisema wenyewe. Zitazame vizuri picha zao. Nyuma anga la chungwa, lakini mgongo wa ndege unawaka jua la saa saba mchana. Pembeni mwa mabawa kuna ukingo mweupe, mabaki ya anga la kweli lililofukuzwa. Kichekesho zaidi ni heroe: juu machweo yanawaka, chini kwenye maji taswira ya anga ni jeupe pee! Hata maji yamekataa kushiriki uongo.

Ukiwauliza, wana jibu moja: "Kila mtu anaediti, hii ni sanaa." Sawa, basi iitwe sanaa! Chini ya picha waandike maneno mawili tu: "anga limebandikwa". Mbona hawaandiki? Kwa sababu wanajua picha peke yake haiuzi. Kinachouza ni imani ya watu kwamba jamaa alikuwepo pale, saa ile, akaona vile.

Wengine wanasingizia wateja: eti kampuni za utalii ndizo zinazotaka machweo. Haya, mgeni akilipa, akifika ziwani akakuta anga jeupe la mchana, aibu inambaki nani? Dereva na mwongozaji wake, si staa aliyekaa na kompyuta mjini.

Anayeumia zaidi ni kijana mwenye kamera ya mtumba aliyelala pembezoni mwa ziwa, akaamka gizani, akapata picha ya kweli yenye anga lililopauka. Akiitupia anaambiwa "haina mvuto". Mwezi mmoja wa hivyo, naye anabofya kitufe. Hivyo ndivyo wasema kweli wanavyokwisha.

Tena ndege hawa si mapambo. Natron ndiyo sehemu kuu ya kuzaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Picha yenye mwanga, maji na anga halisi inaweza kumsaidia anayefuatilia maisha yao. Yenye anga la dukani inampoteza.

Wenzao huko nje hawacheki na mambo haya. Mashindano ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa na makumbusho ya historia asilia ya London hayaruhusu kubandika kitu. Mwaka 2018 walimvua ushindi mshiriki mmoja, baada ya wataalamu kuona kwamba mnyama kwenye picha yake huenda alikuwa wa kukaushwa na kujazwa. Si kuhariri huko, lakini kosa ni lile lile: kumuuzia mtazamaji tukio ambalo halikutokea.

Anga jeupe halijawahi kumwaibisha ndege. Linalomwaibisha ni la kuazima.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Staa akibandika anga bila kusema, huo ni ubunifu au utapeli? Dondosha komenti.