Wanaisimu na Waende kwa Mafundi

Kila kunapofanyika kongamano la Kiswahili katika vyuo vyetu, hakosekani msomi wa kusimama na kulalamika kwamba lugha hii haina istilahi za kutosha za sayansi na ufundi. Wengine huinuka kumjibu, kamati huundwa, na baada ya miezi kadhaa hutokea orodha ya maneno yaliyobuniwa mezani na watu ambao hawajapata kushika bisibisi. Mimi ni mmoja wa wanaofundisha isimu, na orodha za namna hiyo nimezisoma. Nathubutu kusema kwamba mengi ya maneno hayo hayatatumiwa na yeyote, kwa kuwa yalitungwa bila kuulizwa mwenye kazi.

Chukua mfano wa kifaa kimoja kidogo, yaani shata ya kamera kubwa ya zamani. Nazungumzia zile kamera za sanduku la mbao zinazosimama juu ya miguu mitatu, zenye mvukuto wa ngozi unaokunjuka kama kodiani. Filamu yake hutiwa kipande kimoja kimoja, aghalabu cha inchi 4 kwa 5, na mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi ili aione taswira ikiwa imepinduka juu chini kwenye kioo. Studio za enzi ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, ziliishi kwa kamera za aina hiyo. Katika kamera nyingi za namna hii shata haimo sandukuni. Imo katikati ya vioo vya lenzi, ndani ya pete ya chuma isiyozidi upana wa kiganja, na kazi yake ni kufungua njia ya mwanga kwa muda uliopimwa na kuifunga tena.

Muda huo hupimwaje bila betri wala umeme? Mwanzoni mwa karne ya 20, shata iliyoitwa Compound iliyotengenezwa Munich, Ujerumani, ilitumia bomba dogo la hewa na pistoni ili kuchelewesha kufungika. Kisha, mwaka 1912, kiwanda cha Friedrich Deckel kikaleta shata ambayo hewa ndani yake ilibadilishwa kwa magurudumu ya meno kama ya saa. Wakaiita Compur, jina lililoungwa kutokana na Compound na Uhr, neno la Kijerumani lenye maana ya saa. Msomi wa lugha hana budi kutabasamu hapa. Wajerumani wale hawakungoja kamati. Walitazama kilichomo ndani ya kifaa, wakakipa jina.

Idara yangu ilikuwa na kamera moja ya aina hii, iliyotumiwa zamani kupigia picha miswada ya kale. Shata yake ilikuwa imekwama. Ukiiweka kwenye sehemu ndogo ya sekunde, ilifanya kazi barabara. Ukiiweka kwenye sekunde nzima, ilifunguka, ikanguruma kidogo, ikanyamaza ikiwa wazi. Shauri lililotolewa lilikuwa itupwe, kwani kuipeleka Ulaya kukarabatiwa kungegharimu kupita thamani yake, na shata za aina hiyo hazitengenezwi tena. Nilipoteremka Mombasa kwa shughuli nyingine niliichukua nikampelekea fundi wa saa, mzee mmoja anayefanya kazi barazani, ambaye maishani mwake hakuwahi kufungua kamera. Aliiweka sikioni, akavuta wenzo mara mbili, akasema: "Mwalimu, hii si kamera. Hii ni saa isiyo na akrabu."

Hajui Kijerumani hata neno moja. Lakini alifika pale pale walipofika watu wa Munich, tena kwa kusikiliza tu.

Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida. Mafuta yaliyotiwa miaka mingi iliyopita huganda yakawa kama gundi, vumbi likashikamana nayo, na magurudumu yanayohesabu muda mrefu yakakosa nguvu ya kuyashinda. Muda mfupi hauathiriki sana kwa sababu hautegemei mfululizo wote wa magurudumu hayo. Mzee aliondoa vioo vya mbele na vya nyuma, akafungua bamba la uso, akaitoa ile sehemu ya magurudumu ikiwa nzima, akaiosha kwa petroli nyepesi ya kujazia vibiriti, mbali na moto. Kisha akachovya ncha ya sindano katika mafuta ya saa na kugusa vikalio vya ekseli tu. Vile vibamba vyembamba vya chuma vinavyofunga njia ya mwanga hakuvitia mafuta kabisa. "Hivi vyataka ukavu," alinionya, "ukivipaka vitagandamana kama kurasa zilizorowa." Ndivyo visemavyo vitabu vya ufundi huo pia, ila mzee hakuvisoma.

Muda wote huo nilikuwa nikiandika maneno yake. Kamani ndiyo iliyokuwa imechoka, alisema, nalo ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi. Parafujo ni urithi wa Wareno. Akrabu ni Kiarabu, na kwa Waarabu ni nge pia. Gia na springi ni za Waingereza, naye hutumia springi kwa ile ndogo ya mviringo na kamani kwa ile kubwa inayotiwa ufunguo, tofauti ambayo nilihakikisha kwa kumuuliza mara tatu. Hiyo ndiyo istilahi kwa maana yake kamili: neno moja kwa dhana moja, likizingatiwa na mwenye kulitumia.

Kuna watakaosema kwamba namtukuza fundi kupita kiasi. Kweli, sehemu nyingine alizitaja kwa "kidude" tu, na nilihesabu vidude vitano tofauti. Hapo msomi ana kazi ya kufanya. Lakini kazi hiyo huanza baada ya kusikiliza, na si kabla. Wengine watauliza kamera ya filamu ina faida gani leo, ilhali simu ya mfukoni hupiga picha. Wala sipingi simu. Niliitumia kurekodi mlio wa shata ili tuhakikishe kwamba sekunde moja ni sekunde moja. Hata hivyo, kamera za kisasa zingali na herufi B kwa ajili ya kufungua shata kwa muda utakao, na herufi hiyo hutokana na neno la Kiingereza la kile kitufe cha mpira kilichobanwa kwa mkono ili kusukuma hewa. Mpira ulikwisha toweka, herufi imebaki. Lugha za wenzetu zimebeba historia ya mikono yao. Yetu inaibeba pia, ila hatuiandiki.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa nini basi mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafiti istilahi asitakiwe kukaa japo muhula mmoja kwa seremala, kwa fundi wa redio au kwa fundi wa saa? Gharama yake ni nauli na daftari. Wazee hawa hawana wanafunzi wengi, na madaftari yao yamo vichwani mwao.

Wanafunzi wangu wawili wamekwisha kuanza. Wamekusanya majina ya sehemu nyingi za shata ile, isipokuwa kile kipande kinachotikisika huku na huku kikizuia gurudumu la mwisho lisikimbie. Wajerumani hukiita nanga. Mzee amekataa katakata: nanga, asema, kazi yake ni kutulia.